Mgeni wa Mvua

Abdinoor aliingia nyumbani mvua ikipiga mabati kwa hasira, na kikoi chake kilikuwa kikavu.

Jawahir aliliona hilo akalipita. Mumewe alikuwa hajaonekana kwa siku tatu, na mwanamke aliyeshinda siku tatu akiomba dua hana muda wa kukagua nguo. Ulikuwa mwisho wa Novemba, mwaka wa tisini na saba. Mvua ilianza Oktoba ikasahau kukoma. Mto Tana ulikuwa umepanda, umemeza mashamba, umemeza barabara ya Garissa, na kuifanya Masalani kisiwa cha matope. Hata wavushaji walikuwa wamevuta mitumbwi yao juu wakaifunga kwenye miti. Abdinoor alitoka kwenda kuwaokoa mbuzi wake kumi na mmoja waliokwama kwenye mwinuko karibu na maji. Sasa alikuwa amesimama mlangoni bila mbuzi, bila fimbo, mikono imening'inia.

Hakutoa salamu. Alisema, "Nimenyeshewa. Nipeni moto."

"Aabo!" Leyla, binti yao wa miaka tisa, aliruka kutoka kwenye mkeka. "Karibu, aabo, karibu!"

Ndipo alipovuka kizingiti. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachuchumaa mbele ya jiko la makaa, akaweka viganja vyake juu ya makaa yenyewe. Si karibu nayo. Juu yake. Jawahir alipiga kelele, akamvuta mikono. Viganja havikuwa na hata alama.

Kwenye kona yake, mama mkwe wake Timiro aliinua kichwa. Macho ya bibi yule yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho miaka mingi, lakini pua na masikio yake yalifanya kazi ya watu watatu.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Ni mwanao, Eeddo. Amerudi, alhamdulillahi."

Timiro alinusa hewa. "Mwanangu ananuka mbuzi na tumbaku tangu alipoota ndevu. Huyu mbona ananuka kisima kilichokauka?"

 Jawahir naye alikuwa ameanza kuisikia ile harufu: udongo wa chini kabisa, baridi, wenye uozo mdogo ndani yake, kama mahali palipokufa kitu na hapajawahi kupigwa na jua.

*

Yote yalianza na kitabu.

Jawahir alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na Abdinoor alijua udhaifu wake: mpe kitabu, naye atausahau mchuzi motoni. Mwezi wa Septemba, aliporudi kutoka kuuza ng'ombe Garissa, alimletea kimoja kilichochapishwa kwa karatasi nyepesi, jalada la kijani, jina lake *Bwana wa Visima Tisa*. Shule zilipofungwa kwa mafuriko, Jawahir akaanza kukisoma kila alasiri. Alimsomea Leyla kwa Kiswahili, kisha akamfasiria Timiro kwa Kisomali, maana Kiswahili cha bibi kiliishia kwenye bei ya sukari.

Kurasa mbili tu, Timiro akaitambua hadithi.

"Hiyo si ya mtu wa kitabu," alisema. "Hiyo ni ya Mgeni wa Mvua. Nyanya yangu alinisimulia tukihama."

Ilikuwa hivyo kweli. Mwandishi alikuwa ameichukua hadithi ya kale ya wafugaji akaivika nguo mpya. Katika hadithi ya kale, mvua inanyesha muda mrefu, wanaume wako mbali na mifugo, na mgeni anafika kwenye boma. Anaomba moto, anapewa. Anaomba maziwa, anapewa. Anaomba tandiko, anapewa. Mara ya nne anasema tu, "Nina njaa," na anayemwambia karibu ndiye anayeliwa, kuanzia vidole. Anawamaliza watu wa boma mmoja baada ya mwingine mpaka wanabaki mama na binti mmoja. Mama yule anamkata ulimi ili asiombe tena, anamvunja magoti kwa mchi wa kinu ili asitembee tena, kisha anamtupa kisimani na kumfunika kwa mawe saba. Watoto husubiri hapo. Huyahesabu mawe kwa sauti, na jiwe la saba likianguka wanapiga makofi.

Kitabu kilikuwa na mambo mengine. Humo Mgeni alikuwa mwana wa mfalme aliyelaaniwa. Visima vilikuwa milango ya nchi yenye taa zinazoelea na farasi wenye mabawa. Binti alimwonea huruma, akampa mkono wake, na njaa ikamtoka Mgeni kama ukungu, akawa kijana mzuri kupita wote. Ukurasa wa mwisho ulikuwa harusi.

Jawahir alilia alipoufikia. Leyla aliomba usomwe tena, na tena, na kila Mgeni alipobisha hodi ndani ya kitabu, mtoto aliitikia "Karibu!" kwa furaha, kabla mama hajafika mwisho wa mstari.

 "Hawakumwua?" Timiro aliuliza.

"Hawakumwua, Eeddo. Walimsamehe."

"Basi rudi nyuma umwue."

Jawahir alicheka. "Eeddo, ni kitabu. Kimekwisha chapishwa."

"Sikiliza, mwanangu. Unadhani ile hadithi husimuliwa kwa ajili ya kuwalaza watoto? Kila anayeisimulia humwua upya. Ndiyo kazi yake hiyo. Nyanya yangu alikuwa na homa, meno yanagongana, akaifikisha jiwe la saba ndipo akakubali kulala. Na wewe umemsoma mara ngapi bila kumwua?"

Jawahir hakuwa amehesabu. Alasiri nane, labda tisa. Alikifunga kitabu akaenda kuchambua mchele. Kesho yake Abdinoor alitoka kwenda kutafuta mbuzi.

*

Siku ya pili baada ya kurudi, Abdinoor aliomba maziwa. Alisimama mlangoni, mvua ikimpiga bila kumlowesha, akasema, "Nina kiu. Nipeni maziwa." Leyla akamletea kibuyu kizima akisema karibu, naye akakigeuza kooni bila kumeza, maziwa yakashuka kama yanamiminwa shimoni.

Siku ya tatu aliomba tandiko. Mke hamnyimi mumewe tandiko. Jawahir alisema karibu kwa mdomo wake mwenyewe, na tandiko lile lilikuwa lake. Asubuhi yake alioga mara mbili na ile harufu ya kisima haikumtoka kwenye nywele.

Alijiambia kuwa mafuriko yamemvuruga mume wake akili. Watu wengi walikuwa wamevurugika. Alijiambia hivyo mpaka siku ya tano, saa sita mchana, aliposikia mlio kwenye zizi dogo nyuma ya nyumba.

Walikuwa wamebaki mbuzi wanne wa maziwa. Watatu walikuwa wamelala kwenye tope, matumbo wazi, ndimi nje, na kwenye mwanga ule wa kijivu wa mchana Jawahir alidhani kwanza ni ule ugonjwa wa kutoka damu ambao watu walianza kuunong'ona. Kisha akamwona Abdinoor. Alikuwa amempakata yule wa nne kama mama anavyompakata mtoto. Mbuzi alikuwa hai. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, na Abdinoor alikuwa ameuingiza mguu wake wa mbele mdomoni, kwato na yote, akitafuna taratibu, mifupa ikilia kama kuni mbichi motoni, na alipomwona mkewe hakuacha, alimtazama tu kwa macho matulivu ya mtu anayekula chakula chake, akauvunja mguu kwenye goti, akauchukua uliofuata.

"Kwato kwanza," Jawahir alinong'ona. "Ameanza na vidole."

Moto. Maziwa. Tandiko. Hakuhitaji kuhesabu zaidi.

Alikimbia ndani, akakitoa kitabu chini ya godoro, akakitupa kwenye jiko. Jalada la kijani lilijikunja, kurasa zikashika. Alipogeuka, Abdinoor alikuwa mlangoni, kidevu chekundu mpaka kifuani.

"Mbona unajisumbua?" alisema kwa upole. "Umeshanisoma."

Kisha akatazama nyuma ya mkewe, kwenye mkeka, ambapo Leyla alikuwa akimsuka bibi yake.

"Nina njaa," alisema.

Jawahir aliona mdomo wa mtoto ukifunguka. Hakufikiri. Alimrukia binti yake, akamziba mdomo kwa kiganja kwa nguvu iliyompasua mtoto mdomo kwenye meno, akamwangusha chini, akamlalia. "Usiseme!" alisema sikioni mwake. "Hata akulilie, usiseme lile neno. Ukilisema, nimekupoteza!"

"Hooyo, ni aabo..."

"Siye."

Abdinoor alicheka. Alimshika Jawahir kwa nywele, akamwinua kwa mkono mmoja kama anayeinua kuku, akamgonga ukutani mara mbili. Jawahir aliona weupe, kisha akaona wekundu, na kupitia wekundu huo akamwona Timiro, kipofu, mzee wa miaka sabini na kitu, akisimama katikati ya chumba na kuutandaza mkono wake kumzuia mwanawe. Abdinoor aliushika mkono ule, akaukunja usipokunjika. Ulilia kama tawi. Timiro alianguka magotini bila sauti.

"Kimbia kwa Sheikh!" Jawahir alimpigia binti yake kelele. "Kimbia!"

Leyla alipita chini ya mkono wa baba yake, akatoka mvuani.

*

Sheikh Kulow aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, aliyefundisha watoto Qur'ani na kuuza chumvi. Alifika kanzu imepandishwa mpaka magotini, tope mpaka kwenye nyonga, amemshika Leyla mkono, na hakusimama mlangoni hata kidogo. Aliingia akisoma. Alisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya juu kuliko mvua, akamweka mtoto nyuma yake kwenye kona, akasimama mbele.

Mgeni alirudi nyuma hatua tatu. Uso wa Abdinoor ulijikunjakunja kama ngozi iliyoachwa juani, na kutoka kooni ukatoka mlio ambao Jawahir hakuwahi kuusikia kwa mnyama wala mtu. Lakini hakuanguka, wala hakutoka. Alisimama pale, akihema, akimzunguka Sheikh kama fisi anavyozunguka boma, akajaribu kushoto, akajaribu kulia, na kila alipojaribu sauti ya Sheikh ilimfuata.

Kisha akajifanya amechoka, akainamisha kichwa, na Sheikh aliponyoosha kiganja kumwekea kwenye paji la uso, akakidaka kwa meno.

Jawahir aliwahi kusikia watu wakisema fulani hakutetereka, akadhani ni maneno. Siku ile aliona. Vidole viwili vya Sheikh Kulow vilibaki kinywani mwa yule kiumbe, damu ikaruka mpaka kwenye mabati ya dari, naye akatikisika mwili mzima, akakohoa, akameza mate, akaendelea na aya alipoachia, neno kwa neno, mkono ameukumbatia kifuani.

"Siwezi kumtoa!" alisema kwa kasi baina ya aya mbili. "Ninamzuia tu asimfikie mtoto. Aliitwa kwa maneno mengine, na mlango ule sikuufungua mimi. Nani aliyemwita? Afunge! Pumzi inaniishia!"

Timiro ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono wake wa kulia ukining'inia kwenye kiwiko kama kitu cha mtu mwingine, na alianza bila kupandisha sauti, kama bibi yeyote anavyoanza mbele ya wajukuu.

"Mvua ilinyesha," alisema, "na wanaume walikuwa mbali."

Mgeni aligeuka.

"Akaja mtu akasema, nipeni moto. Wakampa. Akasema, nipeni maziwa. Wakampa. Akasema, nipeni tandiko. Wakampa."

"Hooyo," alisema Mgeni, na safari hii ilikuwa sauti ya Abdinoor hasa, ile ya asubuhi, ile aliyoitumia kuomba chai. "Hooyo, nyamaza. Ni mimi. Niko humu ndani, ananibana, ukiendelea utaniumiza mimi."

 Machozi yalimtoka Timiro kwenye yale macho meupe. Jawahir alisikia moyo wake mwenyewe ukimwambia amzibe bibi mdomo, amwombe aache, maana ile ilikuwa sauti ya mume wake, na alijua yanayofuata katika hadithi, na alijua kuwa bibi anajua.

"Lakini boma lile lilikuwa na mama," Timiro alisema. "Na mama yule alichukua kisu cha kuchinjia, akamkata Mgeni ulimi, asiombe tena."

Hakuna aliyemgusa. Abdinoor alipeleka mikono yote miwili mdomoni, na damu ikapita baina ya vidole kama maji ya mfereji uliopasuka, kitu kikadondoka kwenye mkeka, kikaruka mara moja, kikatulia. Akapiga ukelele usio na neno ndani yake. Akamrukia mama yake, akamshukia, akaanza kumpiga ngumi kifuani, za haraka, na kila ngumi iliitoa pumzi ya bibi kwa mkupuo, na katika kila pumzi iliyotoka alitia neno, "Akachukua... mchi wa kinu... akamvunja... goti la kulia," na goti la kulia la mwanawe likapasuka kwa mshindo, "na la kushoto," na la kushoto nalo likaingia ndani, mfupa ukachungulia kwenye ngozi, akaporomoka juu ya mama yake, bado akipiga, bado akikwangua uso wake kwa kucha, na Jawahir akajitupa juu yake akamshika shingo, akamvuta kwa uzito wake wote, huku Sheikh akisoma na Leyla akilia kwenye kona ameuma kanga yake mwenyewe ili mdomo wake usiteleze ukasema.

"Akamtupa kisimani," Timiro alisema. Ubavu mmoja ulikuwa umemwingia ndani; kila neno lilitoka na povu la damu. "Akatupa jiwe la kwanza."

Mwili chini ya Jawahir ulibonyea kama uliopigwa na mzigo kutoka juu.

"La pili. La tatu."

Mbavu zililia. La nne likampasua paji la uso. La tano likamtoa pumzi. Kwa jiwe la sita mikono yake iliacha kupiga, ikanyooka, ikalala kwenye mkeka viganja juu. Mvua ikasikika tena. Jawahir aliweka sikio kwenye kifua cha mumewe: moyo ulikuwa ukigonga, mbali, dhaifu sana.

"Malizia, mama," Sheikh Kulow alisema. Alikuwa mweupe kama chokaa. "Moja limebaki."

Timiro alinyoosha mkono wake mzima, akapapasa, akaupata uso wa mwanawe, akagusa pua, akagusa ndevu.

"Nikilitupa atakufa," alisema. "Moyo wake unapiga, nausikia hapa nilipo. Mimi ndiye niliyemzaa, Sheikh. Siwezi."

Na akafunga mdomo.

*

Majirani waliambiwa kwamba ukuta wa zizi uliwaangukia, na mvua ile ilikuwa imeangusha kuta nyingi, wakaamini. Mhudumu wa zahanati alifika akipita kwenye maji ya kifua, akafunga magoti ya Abdinoor kwa vijiti, akashona mkono wa Sheikh, akasema barabara ikifunguka wapelekwe Garissa. Barabara haikufunguka.

Timiro aliishi siku tisa. Siku ya mwisho alimwita Jawahir amkaribie.

"Nilikosea?" aliuliza.

"Hapana, Eeddo," Jawahir alisema. Hakujua kama anadanganya.

"Utakapojua kuwa siye, usifanye kama mimi. Wewe hukumzaa."

Walimzika kwenye mwinuko, kaburi likijaa maji wakati linachimbwa.

Abdinoor alibaki amelala kwenye chumba cha mbele, bila ulimi, miguu imefungwa, akitazama juu. Jawahir alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha. Wakati mwingine machozi yalimtoka mgonjwa, naye akamfuta, na wote wawili wakalia. Alimpenda mtu yule. Alitaka sana awe yeye. Kwa wiki tatu alijiambia kwamba ile harufu ni ya vidonda.

Januari mvua ilipungua. Alasiri moja, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza, Jawahir alikuwa nje akianika magodoro, Leyla akiwa ndani anamlisha baba yake. Dirisha lilikuwa wazi. Alimsikia mtu akizungumza na mtoto, kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha vitabuni ambacho Abdinoor hakuwahi kukijua maishani mwake.

"Nihurumie," sauti ilisema. "Mimi ni mwana wa mfalme. Nipe mkono wako, uone taa."

Jawahir aliangusha godoro matopeni. Alipofika mlangoni aliona mdomo wa Abdinoor umefunguka, mtupu, mweusi, bila ulimi na bila kutikisika, na sauti ikipanda kutoka chini yake kama kutoka kwenye shimo refu. Leyla alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Kiganja chake kidogo kilikuwa tayari juu ya ule mdomo, vidole vimeshuka, na meno yalikuwa yakifunguka zaidi kuvipokea.

"Nina njaa," sauti ilisema.

"Ka..." alianza Leyla.

"Akatupa jiwe la saba!" Jawahir alipiga kelele. "Mama yule akatupa jiwe la saba, likamziba, akafa! Akafa! Akafa, hadithi ikaisha!"

Kitanda kilivunjika katikati. Kifua cha Abdinoor kilididimia mpaka mgongoni kwa sauti ya kinu kinachopasuka, meno yakagongana na kuchana ncha za vidole vya mtoto, na hewa yote ya chumba ikavutwa kuelekea kwenye ule mdomo, pazia, vumbi, moshi wa jiko, nywele za Leyla, kisha ikaachiliwa. Kukawa kimya. Macho ya mume wake yalikuwa wazi. Jawahir aliyatazama sana, akitafuta ni nani aliyekuwa humo mwishoni, hakupata kitu.

Akamchukua binti yake, akafunga vidole vyake kwa ushungi, akatuma watu wamwite Sheikh.

*

Sheikh Kulow na wanaume wawili walimwosha maiti nyuma ya pazia. Jawahir alikaa nje ukutani, Leyla mapajani. Alijua alichofanya. Alimwua mume wake, na kama kuna mtu angemwuliza angesema hivyohivyo, bila kuongeza neno.

Sheikh alitoka peke yake. Mikono ya kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka begani. Alimwomba Leyla aende kwa jirani yao Sahara akaombe kanga nyeupe, kisha akachuchumaa mbele ya Jawahir.

"Tulimkalisha kidogo tukambonyeza tumbo, kama inavyotakiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yalitoka. Maji ya mto, mwalimu. Tumejaza ndoo mbili. Matope, majani ya mto, hata visamaki. Mapafu yake yamejaa udongo. Nimeosha waliozama mwaka huu wengi kuliko miaka yangu yote, siwezi kukosea. Huyu alizama. Na ngozi ya mgongoni imeoza zamani, si leo."

Jawahir hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Tangu lini?"

"Nadhani siku ile ile alipowafuata mbuzi. Hakuwahi kurudi. Mama yake alikibakiza kitu kisichokuwa mwanawe, na wewe hukumwua mtu. Nilitaka ulijue hilo kabla hatujamzika."

Jawahir alishusha pumzi ndefu. Alilia, na ndani ya kilio kulikuwa na kitu kama nafuu. Sheikh alimngoja. Alijishika vidole vilivyobaki, akakohoa, akatazama pembeni.

"Kuna jambo la sheria," alisema. "Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku mume alipokufa. Kwa hiyo yako imeanza tangu Novemba. Siku zote zile ulikuwa mjane." Akashusha sauti zaidi. "Usinichukie, ninalazimika kuuliza, maana hesabu hubadilika. Una mimba?"

Mbele yao magodoro yalikuwa yakitoa mvuke juani. Jawahir alirudi nyuma kichwani mwake, wiki kwa wiki: kabla ya moto, kabla ya mbuzi, mpaka kwenye alasiri za kitabu. Mara ya mwisho alipokuwa katika siku zake ilikuwa wiki moja kabla ya mtu kusimama mlangoni na kuomba moto. Aliweka kiganja chini ya kitovu, akahisi baridi ikimjibu kutoka ndani, baridi ya udongo wa chini kabisa.

"Sheikh," alisema, "anza kusoma. Anza sasa hivi, na usinyamaze."